Tusifundishwe Kuvumilia, Tufundishwe Uuguzi

Kuna neno la Kiganda ambalo kila mwanafunzi wa uuguzi hapa Kampala hulisikia kabla hajajua kabati la dawa liko wapi: gumikiriza. Maana yake ni vumilia. Umesimama tangu asubuhi bila kukaa? Gumikiriza. Jamaa wa mgonjwa amekutukana kwa sababu dawa hazipo? Gumikiriza. Umeogopa, umelia, umekosa nauli ya kurudi hosteli? Gumikiriza. Wanaojua Kiswahili hutuongezea na methali, kwamba mvumilivu hula mbivu. Chuoni nako neno hilohilo huvaa mavazi rasmi, likaitwa mbinu za kukabiliana na msongo wa mawazo, tukaonyeshwa kwa slaidi ukutani.

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu, na nimeandika insha hii kulipinga neno hilo. Sisemi kwamba uvumilivu ni kitu kibaya. Kazi ya kukesha na wagonjwa haifanyiki bila uvumilivu. Ninasema kwamba umewekwa mahali ambapo mafunzo yangepaswa kuwa. Tukikosa mtu wa kutuelekeza, tunapewa uvumilivu. Tukikosa glavu, tunapewa uvumilivu. Na tukishaujua vizuri, tunakuwa wauguzi wa aina ambayo wananchi wanailalamikia kila siku: asiyesikia, asiyemtazama mtu usoni, anayemfokea mama aliye katika uchungu wa kuzaa. Hoja yangu ni kwamba muuguzi huyo hakuzaliwa hivyo. Alifundishwa, na sisi tunafundishwa hivyohivyo sasa.

Nianze na mazoezi yenyewe, maana wasomaji wengi wa mkusanyiko huu wanasoma lugha na ualimu, na wodini huingia kumwona mgonjwa wao tu kisha wakatoka.

Mwanafunzi wa uuguzi husoma nadharia darasani, kisha hupelekwa hospitali kwa majuma kadhaa: wodi ya wanaume, ya wanawake, ya watoto, ya uzazi, ya upasuaji, ya afya ya akili. Huenda na daftari la mazoezi. Ndani yake mna orodha ya kazi: kuweka dripu, kupitisha mpira wa mkojo, kusafisha kidonda, kumlisha mgonjwa kwa mrija, kuzalisha. Kila kazi ina idadi ya mara unazotakiwa kuifanya, na kila mara inahitaji saini ya muuguzi aliyekuona ukiifanya. Saini zisipotimia, hufanyi mtihani. Kwenye karatasi huo ni utaratibu mzuri. Lakini katika wodi ambayo wagonjwa wengine wamelazwa sakafuni na wauguzi wa zamu ni wawili, nani ana nafasi ya kusimama akutazame? Basi saini inakuwa bidhaa adimu, na mwenye kuitoa anakuwa mfalme. Utamletea chai. Utamfanyia kazi zake. Utanyamaza akikosea, kwa kuwa saini zako kumi na tano bado ziko mikononi mwake.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi kwa sauti kubwa. Wauguzi wengi tunaowakuta wodini wana cheti au diploma. Sisi tunasomea digrii, ambayo Makerere ilianza kuifundisha mwaka 1993. Wao wana miaka ya kazi na mishahara midogo. Sisi tuna vitabu, na wanajua kwamba baada ya miaka michache huenda tukawa wakubwa wao. "Nyinyi wa digrii mtakuja kutuamrisha," tunaambiwa, "basi leo kamwageni mikojo kwanza." Kumwaga mikojo ni kazi ya uuguzi na sina haya nayo. Ila mtu akiimwaga siku nzima, jioni atakuwa amejifunza kumwaga mikojo tu.

Hapo ndipo msongo unapozaliwa. Watu wa nje hudhani kwamba kinachotuumiza ni damu na harufu. Hayo huzoeleka kwa majuma mawili. Kisichozoeleka ni kupewa dhamana ya uhai wa mtu huku hujui, na anayejua hayupo.

Katika mwaka wangu wa pili, kwenye hospitali moja ya hapa mjini ambayo sitaitaja, niliwekwa zamu ya usiku. Karibu saa tisa, mama mmoja wa umri wa mama yangu alianza kuhema kwa shida. Nilimwita muuguzi wa zamu, akaja mbio, akafanya yote aliyoweza. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Binti wa yule mama alikuwa ametumwa nje kununua dawa ambayo hospitali haikuwa nayo. Aliporudi na dawa katika kavera nyeusi, tulikuwa tumeshamfunika mama yake shuka. Binti akanipa mimi ile kavera, nadhani kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu. Muuguzi, mtu mwema aliyekuwa peke yake kwa wodi nzima, alinishika bega akasema, "Gumikiriza, mwana wange." Kisha akaniambia nimalize kupima presha kuanzia kitanda cha 14 hadi cha 30. Nikazimaliza. Asubuhi nikakabidhi zamu, nikapanda taksi hadi hosteli, na mchana nilikuwa darasani. Mpaka leo hakuna mtu, wodini wala chuoni, aliyeniuliza neno lolote kuhusu usiku ule.

Simlaumu muuguzi yule. Alinipa alichokuwa nacho, na bila shaka ndicho alichopewa yeye alipokuwa mwanafunzi. Ninalaumu utaratibu unaomfanya mwanafunzi ahesabiwe kama mfanyakazi ratiba inapopangwa, kisha ahesabiwe kama mwanafunzi inapofika zamu ya kulipa ada.

Majuma machache baadaye tulikuwa na semina ya nusu siku kuhusu msongo wa mawazo. Tuliambiwa tuvute pumzi ndefu, tunywe maji, tufanye mazoezi ya viungo, tuwe na marafiki, tusali, na tulale kwa muda wa saa nane. Mwenzangu mmoja aliuliza atalala vipi saa nane ikiwa zamu ya usiku inaisha saa mbili asubuhi na mhadhara unaanza saa nne. Sote tulicheka. Mtoa mada naye akacheka, kisha slaidi nyingine ikafuata.

Katika semina kama hizo hutajwa majina ya Richard Lazarus na Susan Folkman, ambao kitabu chao cha mwaka 1984 ni msingi wa mengi yanayosemwa juu ya jambo hili. Ni vizuri watajwe, lakini wasomwe pia. Kwao msongo haumo ndani ya mtu peke yake. Hutokea baina ya mtu na mazingira yake, pale anapoona kwamba anayodaiwa yamezidi uwezo na nyenzo alizo nazo. Wakatenganisha namna mbili za kukabiliana: kulishughulikia tatizo lenyewe, na kuzishughulikia hisia zinazoletwa na tatizo. Ya pili huja zaidi pale mtu anapoona kwamba tatizo haliwezi kubadilishwa. Sasa tazama semina zetu. Pumzi, maji, sala, marafiki: karibu zote zinahusu hisia. Ni kama vile wakubwa wetu wameshaamua, bila kutuambia, kwamba tatizo lenyewe haliwezi kubadilishwa.

Nakubali kwamba mengine hayabadiliki. Wagonjwa watakufa, hata kwenye hospitali tajiri kuliko zote duniani. Lakini mwanafunzi kuachwa peke yake usiku si amri ya Mungu. Jambo hilo limeandikwa kwenye ratiba, na ratiba huandikwa na mtu.

Na je, sisi wenyewe tunakabiliana vipi? Nimewatazama wenzangu kwa miaka mitatu. Wapo wanaojificha chumba cha shuka mpaka zamu iishe. Wapo wanaolipana zamu, huyu akaandika jina la yule kwenye daftari la mahudhurio. Wapo wanaoacha kula, na wapo wanaokula roleksi usiku wa manane ili tu wasibaki peke yao chumbani. Wapo waliookoka upya. Wawili niliowafahamu waliacha masomo. Mmoja anauza nguo Owino na ananiambia analala vizuri.

Lakini walio wengi wanachukua njia moja ambayo haimo kwenye slaidi yoyote: wanaacha kusikia. Unaingia wodini ukiwa mtu wa kuitwa mara moja ukageuka. Baada ya miezi sita unaitwa mara nne, na masikio yako yamejifunza kupitisha sauti ile kama sauti ya boda boda barabarani. Mgonjwa anakuwa "kitanda cha 12" au "yule wa kisukari". Unajifunza kutembea haraka katikati ya wodi ukiwa umeshika faili, kwa sababu mwenye faili huonekana ana shughuli na haulizwi maswali. Unajifunza kufoka kidogo, maana mgonjwa aliyefokewa hakuiti tena. Mtu huyu amefaulu kukabiliana. Ukimpa dodoso la msongo wa mawazo atapata alama nzuri, na mkuu wa wodi atamsifu kwamba amekomaa.

Jambo hili halikuanzia Kampala. Mwaka 1960 mtafiti Isabel Menzies alichapisha uchunguzi alioufanya katika hospitali moja kubwa ya kufundishia mjini London. Aliitwa kwa sababu ratiba ya kuwagawa wanafunzi wauguzi ilikuwa karibu kuvunjika: mahitaji ya wodi kwa mikono ya kazi yalikuwa yakigombana na mahitaji ya wanafunzi kujifunza. Alichokikuta kingeweza kuandikwa hapa jana. Kazi ilikuwa imekatwa vipande ili kila mwanafunzi afanye jambo dogo kwa wagonjwa wengi, asikae na mgonjwa mmoja. Wagonjwa walitajwa kwa namba za vitanda au kwa viungo vinavyouma. Wanafunzi walihamishwa wodi hadi wodi kabla hawajamzoea mtu. Menzies alionyesha kwamba mambo hayo yote yalikuwa kinga: hospitali ilikuwa imejijengea namna ya kumkwepesha muuguzi asikutane na hofu yake. Na kinga hiyo haikufanya kazi. Hofu ilibaki palepale, ila muuguzi alinyang'anywa kitu pekee kilichoweza kuituliza, yaani kumjua mgonjwa na kumwona akipona kwa mkono wake. Karibu theluthi moja ya wanafunzi hawakumaliza masomo. Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yake, ni kwamba utaratibu ule uliwafukuza watu walewale ambao wangeweza kuurekebisha.

Nilipousoma uchunguzi huo nilikumbuka vitanda 14 hadi 30. Presha kumi na saba, majina sifuri.

Kwa hiyo wananchi wanapolalamika kwenye redio za asubuhi kwamba wauguzi wa Uganda ni wakali na hawana huruma, mimi siwakatalii, wala sisemi kwamba wote ni wakali, kwa sababu nimefundishwa na wengine wapole kuliko mama yangu. Ninachosema ni kwamba ukali ule ni tunda la mafunzo. Tumemchukua kijana wa miaka 19 aliyekuja kwa sababu aliwahi kumuuguza bibi yake, tukamwambia avumilie, akavumilia kwa njia pekee iliyokuwepo. Mvumilivu hula mbivu, ni kweli, lakini anayelipa bei ya tunda hilo ni mgonjwa.

Najua majibu nitakayopewa, kwa hiyo niyachukue moja moja.

La kwanza ni kwamba uuguzi ni wito. Kila tarehe 12 Mei, siku ya kuzaliwa ya Florence Nightingale, tunavaa sare safi, tunawasha mishumaa na kusimuliwa habari za yule mwanamke aliyezunguka na taa usiku kati ya majeruhi. Taa ilikuwepo. Lakini Nightingale hakufika Scutari mwaka 1854 kuwaambia wauguzi wavumilie mitaro ya maji machafu iliyopita chini ya hospitali. Aliandika barua. Aligombana na wakubwa wa jeshi. Alihesabu waliokufa na sababu za vifo vyao, na mwaka 1858 akachora michoro ya takwimu iliyoonyesha kwamba magonjwa yaliyoweza kuzuiwa yaliua askari wengi kuliko risasi. Alikuwa mkali kwa wauguzi wake, lakini alijua tofauti kati ya jambo la kuvumilia na jambo la kurekebisha. Tumebaki na taa, tumesahau hesabu.

La pili ni lile la wakubwa wetu: "Sisi tulipitia hayohayo na tuko hai." Shikamoo nawapa kwa heshima, lakini hoja hiyo ina kasoro, kwa sababu inasemwa na waliobaki tu. Walioondoka hawapo kwenye chumba cha mkutano. Wagonjwa waliohudumiwa na mwanafunzi aliyeachwa peke yake nao hawapo. Isitoshe, Kiswahili chenyewe kinatuambia habari tofauti. Kutokana na kuugua tunapata kuuguza, na kutokana na kuuguza tunapata muuguzi. Neno hilo halitaji cheti, sare wala hospitali. Linamtaja mtu aliye pamoja na mgonjwa. Na huko nyumbani tulikotoka, nani aliwahi kuachwa amuuguze mtu peke yake? Shangazi akikesha leo, kesho hupokewa na wifi. Mtu akifa, majirani huacha majembe wakaja kukaa na wafiwa. Hakuna mzee wa kijiji anayemwambia aliyefumba macho ya maiti kwamba sasa aende akamalize kulima. Wanaotuambia kwamba uvumilivu wa peke yako ni mila yetu wanaisingizia mila.

La tatu ni kwamba pesa hakuna. Hili lina uzito. Mwezi Aprili 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti za nchi zao kwa afya, na bajeti ya Uganda haijafika hapo. Wauguzi wachache, vitanda vichache, glavu za kununua: hayo yanatokana na uamuzi wa kisiasa na hayatatuliwi na mhadhiri. Lakini umaskini usiwe kichaka cha kujificha. Ingegharimu shilingi ngapi mtu kuniuliza, asubuhi ile, "Usiku ulikuwaje?" Kumpa mwanafunzi wagonjwa watatu awajue kwa majina, badala ya presha kumi na saba, kunagharimu nini? Kazi ni ileile, wagonjwa ni walewale, mikono ni ileile. Kinachobadilika ni namna ya kuigawa.

Kabla sijafika kwenye madai, lazima nitaje jambo ambalo linaufanya mjadala huu usiwe wa machozi ya wanafunzi tu. Uvumilivu usio na kinga huua, na nchi hii inajua. Mwaka 2000, Ebola ilipoingia Gulu, wanafunzi wauguzi wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, walikuwa miongoni mwa waliokufa, kwa sababu waliwashika wagonjwa kabla ugonjwa haujajulikana. Daktari Matthew Lukwiya, aliyekuwa Kampala akisoma Makerere, aliitwa, akarudi. Mpaka mlipuko unaisha, watu 425 walikuwa wameugua na 224 walikuwa wamekufa. Novemba mwaka huo, wauguzi walipoona wenzao wanazikwa mmoja baada ya mwingine, walikusanyika wakasema sasa basi. Lukwiya hakuwapa semina. Alikaa nao, akawasikiliza, akajibu maswali yao, na walijua kwamba yeye mwenyewe anaingia katika wodi ileile kuwahudumia wagonjwa walewale. Wakarudi kazini. Tarehe 5 Desemba 2000 Lukwiya naye alikufa kwa Ebola, akazikwa palepale hospitalini.

Watu husimulia habari hiyo kama mfano wa uvumilivu, na wanafunzi tunaambiwa tumuige. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Kilichowashikilia wauguzi wale ni kiongozi aliyekuwepo. Alivaa alichovaa wao, alisimama waliposimama wao, na alipowaambia jambo hakuwa akisema kutoka ofisini. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Na wala tusidhani ni habari ya zamani. Tarehe 29 Januari 2025 muuguzi wa miaka 32 aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago alikufa hapa Kampala, na siku iliyofuata Wizara ya Afya ikatangaza mlipuko mwingine wa Ebola. Tangu hapo kila nikiambiwa "hakuna glavu, gumikiriza", ninasikia neno jingine kabisa.

Basi ninadai mambo matano, na ninayaandika kwa wahadhiri wetu kwa heshima, nikijua kwamba wengi wao wanayajua kuliko mimi.

Kwanza, kila mwanafunzi anapoingia wodini awe na mtu mmoja aliyepewa kazi ya kumwelekeza, ambaye jina lake limeandikwa kwenye ratiba. Kama zamu haina mtu huyo, zamu hiyo mwanafunzi asipangwe, hasa usiku. Wodi ikisema haiwezi kufanya kazi bila wanafunzi, basi imekiri kwamba inatutumia kama wafanyakazi wasiolipwa, na hilo lipelekwe wizarani kama lilivyo.

Pili, tugawiwe wagonjwa badala ya kazi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akabidhiwe wagonjwa wawili au watatu, awapokee asubuhi, awaoshe, awape dawa chini ya uangalizi, ajue nani huwaletea chakula na nani anawalipia dawa. Atajifunza presha humohumo.

Tatu, kinga itangulie kazi. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu zinazochukua miezi sita. Basi ianze muhula wa kwanza, kabla ya wodi ya kwanza. Kila mwanafunzi ajue tangu siku ya kwanza aende kwa nani akichomwa na sindano iliyotumika, kwa sababu dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28, na saa hizo zisipotee kwa mtu kuogopa kugombezwa. Na mwanafunzi asiyekuwa na glavu awe na haki ya kukataa kugusa damu bila kunyimwa saini.

Nne, saini na malalamiko vitenganishwe. Leo mwanafunzi aliyetukanwa wodini hupeleka malalamiko kwa mkuu wa wodi ambaye ndiye mwenye saini zake. Chuo kiweke mhadhiri wa kupokea malalamiko, na mhadhiri huyo afike wodini angalau mara moja kwa juma akiwa amevaa sare, afanye kazi nasi mpaka jasho limtoke. Mhadhiri anayekuja kwa dakika kumi kukagua daftari anakagua wino.

Tano, baada ya kifo au tukio baya, wote waliokuwepo wakae pamoja kwa dakika kumi kabla ya kukabidhi zamu. Nini kilitokea? Tulifanya nini? Kila mtu yu salama? Madaktari wana vikao vyao vya kujadili vifo. Mwanafunzi aliyemfunika maiti shuka naye alikuwepo.

Kwa wanafunzi wenzangu nina neno pia, na si la kuwabembeleza. Mwaka kesho tutakuwa sisi tunaowapokea wa mwaka wa pili. Tutawakuta wamesimama mlangoni mwa wodi na saa zao mpya zenye mshale wa sekunde na kalamu tatu mfukoni, wameogopa. Itakuwa rahisi sana kuwaambia lile neno, kwa kuwa sisi tuliambiwa, na kwa kuwa kumwambia mtu avumilie hakutugharimu chochote. Tusiliseme. Tuwaonyeshe mahali glavu zilipo, na kama hazipo tuseme wazi kwamba hazipo na kwamba haifai ziwe hazipo. Tusimame nao wanapoweka dripu ya kwanza. Mgonjwa wao akifa, tukae nao. Pia tuandike. Kila zamu tuliyoachwa peke yetu iandikwe tarehe na saa, tuzijumlishe, tuzipeleke kwa mkuu wa idara zikiwa hesabu na si manung'uniko.

Nikihitimu nitakuwa nimelala macho usiku mwingi, na nitaendelea kukesha maisha yangu yote ya kazi. Hilo nililijua nilipojaza fomu ya kujiunga na sina malalamiko nalo. Lakini mgonjwa anayekuja hospitali hakuja kutazama jinsi ninavyovumilia. Amekuja ili aliyemhudumia awe anaijua kazi yake, na awe bado anasikia akiitwa.